Mwaka wa Boti ya Mzee Ngatia

Mwezi uliopita nilikwenda Nanyuki kumzika Fundi Ramadhani, nikachelewa. Kwa desturi ya dini yake walikuwa wamemzika siku ileile aliyofariki, na mimi nikafika kesho yake, nimejifunga kitambaa kichwani, nimevaa viatu vyangu vya kanisani. Niliwakuta wanawake wameketi kwenye mikeka nyumbani kwa binti yake. Nilipewa chai ya tangawizi na mahali pa kuegemea ukuta, maana magoti yangu siku hizi hayataki mkeka. Mama mmoja aliyekaa karibu nami, mtu mzima kama mimi, akaniuliza kwa adabu nilimjuaje marehemu. Nikamwambia ukweli, kwamba tulitengeneza boti pamoja. Akanitazama. "Boti? Wapi?" Nikamwambia ni Timau. Waliotuzunguka wakacheka, halafu wakakumbuka wako matangani, wakanyamaza. Sikuwalaumu. Timau ni ngano, kondoo na upepo wa mlimani, na kutoka pale hadi maji yanayostahili boti ni mwendo wa siku nzima na zaidi. Lakini binti wa marehemu akaweka chini birika aliyokuwa ameshika. "Ni kweli," akasema. "Baba alikuwa anatuambia hiyo hadithi. Sisi tulifikiri anatunga." Akaniomba nisimulie, nami nikasimulia yale yanayofaa kusimuliwa msibani. Mengine nilirudi nayo Nyeri, na ndiyo haya.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na Uhuru wenyewe ulikuwa bado mpya, watu wakiutaja kama mtu anavyotaja mgeni aliye sebuleni. Nilifanya kazi katika duka moja mjini Nyeri lililovika viti na makochi vitambaa, na kushona vifuniko vya viti vya magari. Nilikuwa pia mchumba wa Karanja. Karanja alipata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, tukamsindikiza watu wengi, wengine wakiimba, na baada ya majuma sita akaniandikia barua moja ya kurasa nne kuhusu baridi. Haikuja nyingine. Kilichonichosha zaidi ya ule ukimya ni maswali. Mwuza maziwa aliuliza, mke wa katekista aliuliza, wateja waliuliza huku wakichagua rangi: "Karanja anasema nini siku hizi?" Nikawa nazunguka kwa uchochoro wa nyuma kuingia dukani. Mtu akiulizwa swali moja mwaka mzima huanza kuhisi kwamba yeye ndiye aliyekosea. Kwa hiyo siku alipoingia mzee mrefu aliyevaa koti zito la samawati lenye vifungo vya shaba, akasema anatafuta mtu wa kuvika kuta za chumba kimoja huko Timau, kazi ya miezi mingi, nilikuwa nimekwisha kukubali kabla hajaeleza ni chumba gani.

"Ni nyumba ya mawe ama ya mbao?" mwenye duka akamwuliza.

"Sio nyumba. Ni chumba iko ndani ya boti."

Mwenye duka akacheka mpaka akashika meza. Yule mzee hakucheka wala hakukasirika. Alingoja tu, kofia mkononi, kama mtu aliyezoea kungoja kicheko kipite ndipo aendelee na shughuli zake. Jina lake lilikuwa Ngatia.

Boti ilikuwa kweli. Ilikaa ndani ya banda kubwa la mabati lililokuwa ghala la ngano la Mzungu mmoja, ambaye alikuwa akiipeleka ziwani wakati wa likizo, akaiacha pale alipouza shamba na kwenda kwao. Shamba lilipogawanywa kwa wanachama walionunua hisa, kila mtu alitaka kipande chenye udongo mweusi, na hakuna aliyetaka kipande chenye banda na boti. Mzee Ngatia alikiomba. Boti ilisimama juu ya magogo ya mikaratusi, ndefu kiasi cha hatua kumi, rangi yake nyeupe bado nzuri kwa nje, na ukipanda ngazi ukainama kupita mlango mdogo, ulijikuta ndani ya chumba. Nilikipenda kabla sijaona uchafu wake. Kulikuwa na vitanda viwili vyembamba vilivyotazamana, meza ya kukunja katikati, kabati, stovu ya sufuria moja na madirisha manne ya mviringo. Hakuna kitu kilichokuwa mbali na mkono. Baadaye ndipo nikaona kwamba kitambaa cha kuta, kilichokuwa kijani zamani, kilikuwa kimeingia ukungu mweusi na kuning'inia darini kama tumbo la ng'ombe, na kwamba ile kapeti ngumu ya sakafuni, ya aina iliyokuwa ikipakwa nta, ilikuwa imepasuka vipandevipande kama matope ya kiangazi. Ukikanyaga karibu na mlango, sakafu ilibonyea. Harufu yake ilikuwa ya kitu kilichofungiwa kikiwa kimelowa.

"Nataka kila kitu itoke," Mzee Ngatia aliniambia. "Kuta, dari, sakafu. Nataka ikuwe kama mtu anaweza ingia na aseme, hapa mtu anakaa."

Yeye aliishi katika vyumba viwili vilivyokuwa ofisi ya karani wa shamba, ng'ambo ya ua. Hakuwa na chumba cha ziada, na alisema si vizuri msichana alale kwake, watu watasema. Kwa hiyo nilipanga godoro langu juu ya kitanda kimoja cha boti, na kwa mwaka mzima, mimi niliyezaliwa mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni ya mtoni, nikaishi ndani ya boti. Watu walisema hata hivyo. Nyuma ya banda palikuwa na njia ya kwenda bwawani, na wanawake walipita hapo asubuhi na madebe yao. Mabati hayazuii sauti. Niliwasikia nikiwa nimeshika kikombe cha uji. "Ati analala ndani ya hiyo boti?" mmoja akauliza. "Ndiyo." "Na mzee?" "Mzee analala kwake." "Hivyo ndivyo wanasema." Wakacheka kidogo, bila ubaya mwingi, wakapita. Hawakuwahi kunitukana na hawakuwahi kunisalimu. Nadhani hawakujua waniweke wapi: sikuwa mke wa mtu pale, sikuwa binti wa mtu, wala sikuwa na shamba. Nilijifunza kuchota maji saa nane, wakati hakuna mtu.

Fundi Ramadhani alikuja siku tatu kila juma kutoka Nanyuki kwa baiskeli, akiwa na sanduku la vyombo mgongoni. Alikuwa kijana, ameoa karibuni, mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko chetu sote. Aliniita dada. Tulianza na dari. Tuling'oa misumari midogo mmojammoja ili kitambaa kishuke bila kuchanika, maana hata kilichooza kina kazi ya mwisho: ukikitandaza kinakupa kipimo cha kipya. Mimi nilikata na kushona, yeye akapasua fito nyembamba za kupigilia kingo. Kitambaa kipya kilikuwa kizito, rangi ya chai ya maziwa, na chini yake tulitandika pamba nyembamba ili ukiegemea ukuta usihisi mbao. Mikunjo ya pembeni ndiyo ilinitesa. Boti haina kona ya mraba hata moja, kila mahali pana mviringo, na kitambaa kikivutwa huku kinajikunja kule. Nilibandua upande mmoja mara nne. Fundi alinitazama akasema, "Dada, usishindane na ubao. Ufuate unakoenda wenyewe." Hadi leo, nikiwa na kochi gumu mbele yangu, ndivyo ninavyofanya.

Mzee Ngatia hakutusumbua. Alikuja mara mbili kwa siku, akatazama, akagusa, akaondoka. Habari zake nilizipata polepole, mezani. Alikuwa mpishi kwenye meli za ziwani huko Kisumu kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikwenda kijana, akarudi mlimani mzee, na waliokuwa wamemjua walikuwa wamekufa au wamehamishwa, na waliobaki walimwita Mjaluo kwa sababu alikula samaki. Jumapili moja alipokea furushi la samaki wakavu kutoka kwa rafiki yake wa zamani, lililokuja kwa treni. Aliwapika kwa nyanya na kitunguu, akasonga ugali, akaniita. Mimi sikuwa nimewahi kuonja samaki. Kwetu walisemwa kama nyoka tu. Nilikaa mbele ya sahani nikiwa nimefunga mdomo.

"Anza na mgongo," akasema. "Mgongo haina mifupa mingi."

Nikaanza na mgongo. Ulikuwa na chumvi na moshi, na ulikuwa mtamu. Akanitazama nikila, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. Akaniambia ana binti Kisumu, anaitwa Atieno, mwalimu wa shule ya msingi. Mama yake alifariki Atieno akiwa mdogo. Mzee alikuwa amemwacha kwa shangazi wa upande wa mama, mtoto wa miaka tisa, akamwambia anaenda kwao kutafuta shamba, na kwamba atarudi na boti yake mwenyewe amchukue. "Ni maneno tu," akasema. "Mtoto alikuwa analia, ungemwambia nini? Lakini yeye hakusahau." Miaka ilipita, ikawa kumi na minne. Halafu akanunua hisa katika shamba, akaenda kutazama, akafungua banda, akaona boti. Aliniambia alikaa chini kwenye vumbi. Alimwandikia Atieno kwamba ameipata ile boti na anakuja nayo. Atieno akajibu mstari mmoja: Njoo basi. Mpango ulikuwa kwamba boti ikikamilika itavutwa na trekta hadi stesheni ya Nanyuki, ipandishwe kwenye behewa la wazi, isafirishwe mpaka Kisumu, naye aishi humo majini karibu na binti yake.

Kuna siku moja ninayoikumbuka kuliko zote. Haikuwa siku ya Fundi, na mimi nilikuwa nimejikunja ndani ya kabati la chini ya kitanda, ninang'oa misumari. Mzee Ngatia alidhani nimekwenda dukani Timau. Nikasikia hatua zake zikizunguka boti polepole, kisha zikasimama. "Nyara," akasema. Nilikuwa nimekwisha kujifunza kwake kwamba kwa lugha ya huko maana yake ni binti yangu. "Nyara, aduogo." Yaani nimerudi. Akarudia, akabadilisha sauti. Kisha akasema kwa Kiswahili: "Atieno, ni mimi. Nimechelewa kidogo." Hatua moja. "Hapana. Atieno, nimechelewa." Hatua mbili. "Nimechelewa sana." Nilibaki mle ndani nikishikilia koleo, mguu umekufa ganzi, nikiogopa hata kumeza mate. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba upande ule mwingine, upande wa wanaokwenda na kunyamaza, mtu anaweza kuwa anajifunza namna ya kusema.

Siku mbili baadaye tulifungua sakafu. Kapeti ilitoka kwa mabonge, na mbao zilizokuwa chini yake zikavunjika mikononi kama mkate wa juzi. Hilo tulilitarajia, mbao mpya za mtarakwa zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Fundi Ramadhani akashuka katika lile shimo, akapangusa uchafu, akaanza kugongagonga mbavu za boti, zile zinazobeba kila kitu. Huko mbele zililia vizuri. Alipofika karibu na mlango akaacha kugonga. Akachukua bisibisi akaisukuma kwenye ubavu mmoja. Ikaingia yote. Akajaribu wa pili, na wa tatu. Halafu akajaribu ule ubao mkubwa wa chini unaopita katikati ya boti kama uti wa mgongo, mahali mbavu zinapoungana nao, na bisibisi ikatoka na vumbi jekundu lenye unyevu.

"Mvua iliingia juu, penye mabati yaliyotoboka, ikakaa hapa chini miaka yote," akasema. "Nje rangi imeficha. Dada, hii boti ikiwekwa majini itafunguka."

"Inaweza kutengenezwa?"

"Sijui. Labda. Lakini kwanza tumwambie mwenyewe."

Nikamwomba aniachie mimi nimwambie. Alikuwa amepata kazi ya kujenga shule Isiolo na alitaka kuondoka siku ya pili, angekaa huko miezi kadhaa. Nilimwambia mzee amenizoea, nitampa habari vizuri, jioni hiyohiyo. Akapangusa bisibisi. "Mimi siwezi kupigilia sakafu juu ya kitu kilichooza," akasema. "Akiona, akikubali, wewe unajua kuzipanga, nimekufundisha." Akaniachia randa yake na msumeno mdogo, akapanda baiskeli.

Jioni Mzee Ngatia alikuja na bakuli la githeri. Alikaa kwenye ngazi, akaniuliza kama Atieno angependa pazia kwenye yale madirisha ya mviringo, au ingeonekana kama mchezo wa watoto. Nikamjibu kwamba angependa pazia. Hivyo tu ndivyo nilivyosema. Nimekuwa na miaka mingi ya kujieleza sababu, na zote ni kweli kidogo. Nilimhurumia. Niliogopa kwamba nikisema, kazi itaisha, nirudi kwenye ule uchochoro wa Nyeri. Na palikuwa na jambo lingine nililolijua lakini sikulitamka: chumba kile kilikuwa kimekuwa changu. Kesho yake nikaanza kupanga mbao za mtarakwa juu ya mbavu zilizooza, nikaweka misumari pale tu penye uzima wa kushika. Nilifanya kazi nzuri. Mbao zilikaa bega kwa bega hata karatasi isingepita. Nilizipiga msasa, nikazipaka vanishi mara tatu, na harufu ya mtarakwa ikafukuza ile ya unyevu. Mzee aliingia akavua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Miezi iliyofuata nilikuwa peke yangu kabisa. Nilishona mito, mapazia, vifuniko vya magodoro. Upepo ulipiga mabati mchana kutwa. Asubuhi mlima ulionekana wote, mweupe juu, na kufikia saa nne mawingu yalikuwa yameumeza. Nilikuwa nikijikuta nazungumza na Karanja, halafu nikagundua kwamba simwulizi tena kwa nini haandiki. Namwambia habari za sakafu. Kila nilipokanyaga ubao wa karibu na mlango nilijua kilicho chini. Nikaanza kuuruka. Mzee aliona, akadhani naionea huruma vanishi.

Fundi Ramadhani alirudi kutoka Isiolo Jumatatu moja baada ya mavuno ya ngano, akaja kuangalia kazi. Alipitisha kiganja kwenye kuta, kwenye ile mikunjo iliyonitesa, akasema hata yeye asingeweza. Akaketi, nikampa chai. Kisha akatazama sakafu.

"Zile mbavu, mlimpata fundi gani?"

Nikautazama ubao wa karibu na mlango. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Behewa linakuja lini?"

"Alhamisi."

"Dada."

"Najua."

"Yule mzee atalala humu ndani. Majini."

"Najua, Fundi."

Alimaliza chai yake kwa adabu, akasimama. "Sitakusemea," akasema. "Ni wewe uliyesema utasema. Lakini Jumatano nitakuja, na kama bado hajajua nitamwambia mimi, na sitapenda kuwa mimi."

Nilimwambia Mzee Ngatia Jumanne, saa tatu asubuhi, kwa sababu nilijua nikingoja mchana nitapata kisingizio. Sikutafuta maneno. Nilimwita aingie, nikachukua patasi, nikang'oa mbao zangu mwenyewe, tatu, mbele yake. Vanishi ilipasuka kwa sauti. Alinitazama kama mtu anayetazama kichaa, mpaka aliposhuka kwenye lile shimo na kutoa kisu chake cha mfukoni. Kikaingia mpaka kwenye mpini. Akakitoa, akakipangusa kwenye suruali, akakikunja.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu tulipotoa sakafu."

"Na ukafunika."

"Ndiyo, Mzee."

Hakunipigia kelele. Alipanda juu, akavaa viatu vyake, akatembea kwenda kwake, akafunga mlango, na siku hiyo hakuna bakuli lililovuka ua.

Jumatano Fundi alikuja kama alivyosema. Walishuka pamoja na Mzee shimoni, wakapima, wakagonga. Mimi nilikaa kwenye ngazi nikisikiliza. Fundi alisema mbavu zinaweza kubadilishwa na uti pia unaweza kuungwa, mbao nzuri zikipatikana, lakini si kazi ya juma moja. "Miezi sita. Labda nane, na mvua." Nilikuwa nikiutazama uso wa Mzee aliposikia hayo, na ndiyo maana nilisema nilichosema. Nilitarajia huzuni. Niliona nafuu. Mabega yalishuka, akapumua, akaanza kuuliza mbao za wapi, nani apasue, kama Atieno aandikiwe leo au mwisho wa mwezi. Nilikumbuka jinsi alivyoagiza pazia, kisha mito, kisha rafu ya vitabu ambayo hakuna aliyeiomba.

"Mzee," nikasema, "usitengeneze."

Wote wawili wakageuka.

"Unasema nini?"

"Atieno hangoji boti."

"Wewe unajua nini ya Atieno?"

"Sijui kitu ya Atieno. Najua kungoja." Sikuwa nimewahi kusema na mzee hivyo. "Niko na mtu alienda ng'ambo. Pengine huko anangoja apate digrii, ama pesa, ama suti ya kurudi nayo. Kama angetokea leo bila viatu singemuuliza digrii iko wapi. Ningemtukana, halafu ningempa kiti. Lakini akikaa huko akitengeneza kitu ya kuja nayo, siku yenye atafika atapata nimefunga mlango. Na hatajua ni lini nilifunga."

Fundi Ramadhani aliangalia nyundo mkononi mwake. Mzee Ngatia alinikazia macho mpaka nikainamisha yangu.

"Wewe ni mtoto," akasema. "Na umenidanganya nusu ya mwaka."

Yote mawili yalikuwa kweli. Akaondoka. Fundi akakusanya vyombo vyake bila haraka. "Umemwambia vibaya," akasema.

"Najua."

"Lakini umemwambia."

Alhamisi niliamka na kuanza kufunga vitu vyangu, nikiwa na hakika kwamba nimefukuzwa. Nilipofungua mlango wa banda, Mzee Ngatia alikuwa amesimama uani katika lile koti la samawati, vifungo vimesuguliwa, na sanduku moja dogo miguuni. Nywele alikuwa amezinyoa. Alionekana mgonjwa. "Twende unisindikize," akasema, "nisirudi nikifika kwa barabara." Lori la ngano lilitubeba hadi Nanyuki. Stesheni tulikuta behewa la wazi likingoja, na karani akatutazama, akatazama nyuma yetu, akauliza boti iko wapi. "Imebaki," Mzee akasema, akaenda kukata tiketi ya daraja la tatu. Alikaa dirishani, sanduku juu ya magoti. Alinipa funguo za banda. Nikadhani hatasema lingine. Treni ilipoanza kusogea akainama nje.

"Ile sakafu uliiweka vizuri," akasema. "Hiyo sikukuambia."

Nilibaki Timau majuma mengine sita, bila mtu wa kunituma. Nilirudishia zile mbao tatu, nikapaka vanishi upya, ingawa sijui nilikuwa nampakia nani. Nilipika viazi kwenye ile stovu ya sufuria moja na kula nikitazama kitanda kitupu cha mbele yangu. Sijawahi kuwa mpweke namna ile, kabla wala baada, na nimezika mume na ndugu. Upweke wa Nyeri ulikuwa umejaa maswali ya watu. Huu haukuwa na hata swali.

Barua ilikuja kwa mkono wa dereva wa lori, mwandiko mkubwa wa mtu aliyejifunza kuandika akiwa mtu mzima. Alisema alifika salama. Alisema siku ya kwanza Atieno alifungua mlango, akamtazama, akaufunga. Alikodi kitanda karibu na bandari, na kila asubuhi akaenda kuketi kwenye jiwe nje ya ua wake. Atieno alipita akienda shule, alipita akirudi, hasemi neno. Siku ya nne Mzee alikuta Atieno ameweka kiti pale penye jiwe. Hakumwambia akikalie, lakini yeye alikikalia. "Siku ya kumi na moja," aliandika, "alitoka nje akasema chai inapoa. Nikaingia. Hajauliza boti."

Niliisoma nikiwa nimekaa sakafuni. Kisha nikaisoma tena kwa sauti, yote, tangu salamu mpaka jina lake, kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwambia. Jumatatu iliyofuata nilifunga banda, nikapeleka funguo na anwani ya Kisumu kwa katibu wa shamba, nikashuka Nyeri. Niliingia mjini kwa barabara kubwa, mchana, nikiwa na randa ya Fundi Ramadhani kwapani, na mke wa katekista aliponisimamisha kuniuliza Karanja anasema nini siku hizi, nilimwambia hasemi kitu, nikaendelea na safari yangu.